Sura ya Nne: Bega Kwanza

Binti wa jirani yangu alipopata kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya mawakili kule Posta, alinijia jioni na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya nguo za kazini: suti mbili, blauzi tano, sketi tatu, viatu jozi tatu, mikoba miwili. Pembeni ya kila kitu alishaandika na bei. Nikaisoma mpaka chini, nikamuuliza mshahara wa kwanza unaingia lini.

"Mwisho wa mwezi, anti."

"Na kazi unaanza lini?"

"Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikamrudishia karatasi yake, nikamwambia twende kwao, atoe kabatini kila alichonacho akimwage kitandani.

Zikamwagika jinzi mbili, fulana za kampeni za vyama viwili vinavyopingana, madera, gauni la mahafali ya kidato cha sita, sketi nyeusi ya sare ya shule, blauzi ya satini ya pinki iliyovaliwa sendofu moja na kusahaulika, tisheti nyeusi isiyo na maandishi, na blezaa ya bluu iliyokoza aliyoachiwa na dada yake aliyeolewa Dodoma. Chini kabisa, kikinukia udi kwa mbali, kulikuwa na kitenge alichopewa na bibi yake. Nguo alikuwa nazo. Hakuwa na nguo zinazomkaa.

Mtu akipita amependeza husikii watu wakisema nguo yake ni ghali. Wanasema imemkaa, utadhani kashonewa. Nimewavalisha watu wa kila namna, wenye fedha na wa kuunga unga, na sijaona bado shati la bei likimficha mtu ambaye limemzidi mabega. Lakini shati la elfu tatu lililopita kwa fundi nimeliona mara nyingi likimpandisha mtu cheo mbele ya wenzake.

Na nguo huanza kukaa begani. Kiuno kinapunguzwa, upindo unakunjwa, mkono mrefu unafupishwa, suruali pana inabanwa miguu, na zote hizo ni kazi ndogo kwa fundi mwenye cherehani nzima. Bega ni kesi nyingine. Ili alipunguze, fundi lazima aung'oe mkono mzima, akate bega, kisha aupunguze na mkono wenyewe ili uingie kwenye tundu jipya bila kufanya mikunjo. Likiwa koti, ongeza pedi na bitana.

Nalijua hilo kwa sababu nimelilipia. Miaka kadhaa nyuma niliokota mnadani koti la sufu la kijivu, zuri ajabu, ila begani lilinizidi vidole vitatu. Fundi niliyempelekea akasema, "Hilo dogo, dada." Nilipolifuata nikakuta bega moja limepanda, jingine limelala, na pedi zimehamia karibu na shingo kama nimebeba mikate. Nililivaa mara moja tu, kwenye mkesha wa msiba, gizani.

Kwa hiyo kila nguo ya juu iliyokuwa pale kitandani tuliipima bega kwanza. Unatafuta mfupa wa mwisho wa bega kwa kidole, pale mkono unapoanza kuteremka. Mshono wa bega uishie hapo hapo. Ukipita kidogo, sawa kwa shati la kulegea. Ukishuka hadi kwenye msuli wa mkono, umevaa nguo ya mtu mwingine na kila anayekutazama anajua. Kisha unainua mikono kama uliyesimama kwenye daladala ukashika bomba. Shati likichomoka lote kiunoni, kwapa la shati hilo limekatwa chini mno. Wengi hudhani kwapa pana ndilo linaloupa mkono nafasi. Ni kinyume: kwapa likiwa juu, karibu na mwili, mkono unapanda peke yake, likiwa chini, unapanda na shati zima.

Blezaa ya dada mtu ikapita mtihani. Satini ikapita. Tisheti ikapita. Fulana za kampeni tukazirudisha kabatini bila mjadala.

Alfajiri ya Alhamisi tukaenda Karume.

Soko lile la Ilala liliungua Januari 2022, na wafanyabiashara wake wakarudi kuanza upya. Ukitaka kuchagua kwa raha, nenda asubuhi wakati mabelo yanafunguliwa. Belo la kawaida lina kilo 45, limebanwa likawa gumu kama tofali, na waya ukikatwa linavuta pumzi na kufumuka. Ndilo furushi lenyewe lililozipa nguo hizi jina: mtumba. Wazee wetu walikuwa na jina lenye ukatili zaidi, kafa Ulaya, kwa imani kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kugawa koti zima akiwa hai. Rwanda wanaziita *caguwa*, neno lililotoka kwenye ile sauti yetu ya mnadani, chagua, chagua. Na msidhani ni jambo dogo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizi kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo ili viwanda vyake vipumue, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuiondolea nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kuna siku naamini Rwanda walikuwa sahihi. Siku nyingine naingia Karume na elfu kumi, natoka na mavazi ya wiki, na imani yangu inayumba.

"Buku mbili, buku mbili, za kishua hizi!" kijana wa juu ya meza alikuwa anaimba, akirusha mashati hewani.

Binti akavutwa na blauzi ya njano yenye marinda na lulu za plastiki shingoni. Nikamwambia aifinye ngumini, ahesabu hadi kumi, aachie. Haikuwa na hata mkunjo mmoja. Akafurahi, akaniambia haihitaji pasi. Nikamwuliza anapanda gari gani kwenda Posta, na linajaa saa ngapi. Poliesta tupu katika joto la Dar ni kuvaa mfuko wa rambo: jasho haliendi popote, na harufu hujificha kwenye uzi hata baada ya kufua. Pamba hukunjamana, na kukunjamana huko ndiko kunakokuambia ni pamba. Kama lebo imekatwa na bado una shaka, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono ukauchome nyumbani. Pamba itanukia karatasi iliyoungua na kuacha majivu. Poliesta itayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi.

Baada ya hapo geuza nguo ndani nje, maana nje kila nguo hujua kujipamba. Angalia kwapa, ndani ya kola, na katikati ya miguu ya suruali, mahali kitambaa kinapolika kwanza. Inyanyue kwenye mwanga, na ukiona jua linapenya kama kwenye chujio, rudisha. Kisha tazama mishono ya pembeni na upindo: kitambaa kilichokunjwa kwa ndani kina upana gani? Kikiwa cha vidole viwili, nguo hiyo inaweza kupanuliwa au kurefushwa. Kikiwa cha nusu kidole, kama zinavyoshonwa nguo nyingi za siku hizi kubana kitambaa, basi inaweza kupunguzwa tu, kuongezwa haiwezi. Madoa ya jasho yaliyogeuka manjano yaache hapo hapo. Kifungo kilichopungua kisikutishe. Kipunguze kwenye bei.

Tulichukua vitu viwili. Cha kwanza ni shati jeupe la pamba, nalo nililikuta kwenye meza ya wavulana. Wanawake wenye mwili mwembamba huhangaika na mashati ya kike yaliyobanwa kifua hadi vifungo vinalia, wakati meza ya pili kuna mashati ya wavulana wa miaka kumi na minne, kitambaa kizito, kola imara, bega linalowafaa kabisa. Tofauti ni kwamba vifungo vimehamia upande wa kulia, na kwa miaka yote hii sijakutana na mtu aliyeligundua hilo kwa mwanamke aliyevaa shati zuri. Cha pili ni suruali ya bluu iliyokoza, miguu iliyonyooka. Kiunoni ilimzidi, na tulijua hivyo. Suruali huinunui kwa kiuno, unainunua kwa makalio na mapaja. Kiuno fundi atakipunguza kwa mshono wa nyuma, ila asizidishe kama vidole vitatu, vinginevyo mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inasalimiana.

Kabla ya kulipa nina kanuni moja ambayo hainiachi: kitu kipya kikubaliane na vitu vitatu vilivyoko nyumbani, na nivitaje kwa sauti. Shati jeupe: sketi nyeusi, blezaa, kitenge. Sawa. Suruali ya bluu: shati, tisheti, satini. Sawa. Ile ya njano yenye lulu: akaitazama, akanitazama, akairudisha mezani mwenyewe.

Kwa wanaume nitasema machache, kwa sababu mavazi yenu ni machache na mnayaharibu kwa njia zile zile. Shati lenye mkia wa mviringo limekatwa ili lichomekewe. Ukiliacha nje unaonekana umetoka kulala. Lililokatwa kwa kunyooka ndilo la kuacha nje. Mkono wa koti uishie pale cheni ya mkono inapolala, shati lichungulie kidogo. Na mkikuta suti ya Kaunda ya baba ipo sandukuni, bega likiwa sawa, msiicheke. Mpelekeeni fundi aibane ubavuni. Ni vazi lililobuniwa kwa joto hili hili, halidai tai wala shati la ndani, na leo halina watu wengi wa kufanana nao ofisini.

Tukarudi kwenye kitenge cha bibi, ambacho ndicho kilichonipa kazi ya kufikiri. Ardhi yake ilikuwa bluu ya nili, maua makubwa meupe, na ndani ya kila ua uzi mwembamba wa damu ya mzee. Binti hakutaka kukigusa. Aliona kitamfanya aonekane anakwenda kitchen party.

Woga huo ninauelewa. Tumezoea kuvaa kitenge mwili mzima, juu mpaka chini, na mara nyingi tukiwa arobaini wa sare moja. Lakini ukitaka kujifunza kuoanisha nguo kwa macho, walimu tunao majumbani, ni hizo kanga zetu. Kanga ina mji katikati na pindo pande zote, na mbunifu mzuri huacha rangi moja itawale mji, nyingine ishike pindo, na ya tatu iingie kama chumvi. Zanzibar ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamezoea kaniki na merikani, yaani vitambaa vya watumwa na maskini, waliingia kwenye kanga ili waonekane ni watu huru. Hawakuwa na makabati. Walikuwa na doti chache, na kwa doti hizo walijifunga, wakajitanda, wakabadilisha ya juu na ya chini hadi mtu asijue ni ngapi. Ustadi wote ninaoeleza katika sura hii ulikuwepo pale, bila duka na bila kioo kikubwa.

Fundisho lao kwa kitenge cha bibi ni hili: ukitafuta rangi ya kuvaa nacho, usichukue rangi kubwa, chukua ile ndogo. Blauzi ya bluu ingekimeza. Nyeupe inakiacha kipumue. Na ile damu ya mzee, uzi mdogo ambao hakuna aliyeuona, ukiurudia kwenye kitu kimoja tu, mkanda au pochi au hereni, watu wataona kuna jambo limepangwa bila kujua ni nini. Na kitambaa kimoja kikiongea, kingine kinyamaze. Kitenge na satini ya pinki vikikutana mwilini, vyote vinapiga kelele na mvaaji ndiye asiyesikika.

Wale wapenda suti wa Kinshasa na Brazzaville, ma-*sapeur*, ambao mwanamuziki hayati Papa Wemba aliwatangaza duniani, wana sheria yao: rangi zisizidi tatu kwa vazi moja. Sikubaliani nao kuhusu mtu kukosa kodi ya nyumba kwa ajili ya lebo ya Paris. Ila sheria ya rangi tatu haina gharama, na nimeijaribu kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nne inawezekana. Tano tayari ni bendera.

Fundi wangu hukaa barazani Buguruni, chini ya turubai, cherehani yake ya miguu imepauka maandishi yote. Ni mtu mwaminifu katika kila jambo isipokuwa siku. Akisema kesho, ni keshokutwa. Akisema jioni, ni jioni ya siku isiyotajwa. Dawa yake niliipata zamani: nafika na chapati, nakaa kwenye benchi lake, siondoki. Fundi hawezi kushona nguo ya mwingine huku mwenye nguo yake anamtazama.

Alianza na sketi ya sare. Ilikuwa pana, inaishia katikati ya shavu la mguu, mahali mguu ulipo mnene kuliko kote chini ya goti. Hapo ndipo nguo nyingi za heshima zinapoharibika. Watu husingizia urefu, kumbe kosa ni mahali zilipokatia. Upindo ukate mguu palipo pembamba: chini kidogo ya goti, au karibu na kifundo. Heshima ya mtu haiongezeki kwa kukatwa katikati ya shavu la mguu. Nchi hii iliwahi kulifanya jambo la upindo kuwa la chama: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita. Ninapomwona fundi anashika chaki kwenye goti la binti, huwa nakumbuka kwamba sentimita zile tano ziliwahi kujadiliwa na wanaume mkutanoni.

"Hapa, mama?" fundi akauliza, chaki mkononi.

"Shusha kidogo. Hapo. Na wewe, binti, kaa."

Binti akakaa kwenye benchi. Sketi ikapanda vidole vinne. Fundi akashusha alama. Hiyo ni hatua ambayo watu wote huisahau: wanapimwa wamesimama, kisha wanakwenda kukaa ofisini kwa saa nane.

Shati likapunguzwa kwa mikunjo miwili mirefu ya mgongoni, suruali ikapunguzwa kiuno, na kitenge kikawa sketi nyembamba yenye mpasuo nyuma. Fundi alikitandaza kwanza chini na kukizungukia, akihakikisha ua zima limeangukia mbele katikati ya mapaja na hakuna la kukaa juu ya makalio kama shabaha. Mafundi wanaofanya hivyo bila kuambiwa ni wachache. Ukimpata mmoja, usimgombeze kuhusu siku.

Jumapili usiku tukapiga hesabu. Za juu tatu: shati, tisheti nyeusi, satini. Za chini tatu: suruali, sketi nyeusi, sketi ya kitenge. Tatu mara tatu, mavazi tisa. Ongeza blezaa, kumi na nane. Binti akapiga makofi. Hesabu za namna hii ndizo zinazouza majarida, nami siziamini. Satini na kitenge tulishavitenganisha. Tisheti na sketi nyeusi bila blezaa, sare ya mhudumu wa mgahawa. Satini na suruali ikawa nzuri, lakini kwa Ijumaa tu. Tulipomaliza kuchuja yakabaki sita ambayo angeweza kutoka nayo bila kujiuliza. Wiki ina siku tano za kazi. Sita inatosha, na inabaki moja ya siku mvua itakapomharibia mipango.

Nguo zote tulizipiga pasi usiku huo huo, kwa kuwa umeme ulikuwepo na ahadi ya asubuhi huwa haina mdhamini. Shati la pamba linyooshwe likiwa na unyevu bado, si baada ya kukauka na kurushiwa maji. Kola ianzie nchani kwenda katikati. Ukianzia katikati, mikunjo yote inasukumwa kwenye ncha, na ncha ndizo zinazoonekana mtu anapokusalimia. Viatu alikuwa na jozi moja tu nyeusi. Fundi viatu wa kituoni akazibandika soli na kuzipiga rangi, na hapo orodha yake ya jozi tatu ikaishia.

Jumanne jioni bibi yake alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Binti akapita, sketi ya kitenge chini, shati jeupe limechomekewa, mkanda wa damu ya mzee aliouazima kwangu. Bibi akaweka ungo chini, akamwita. Akamgeuza taratibu mara moja, akashika upindo, akaufunua aone ndani kulivyoshonwa.

"Nani kakikata?"

"Fundi wa Buguruni, bibi. Ulinipa wewe mwenyewe."

"Nilikupa ujitande." Akaupitisha mshono kati ya vidole, akauachia. "Na kilichobaki kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye mkoba wangu, nikiwa nimekipigia hesabu ya mito ya makochi. Nilikitoa. Jumamosi bibi alikwenda nacho arusini Tandika, kimekuwa kilemba.